Daftari la Wasiorudi

Imezoeleka miongoni mwetu, na hata miongoni mwa baadhi ya matabibu, kudhani kwamba unene wa kupindukia ni maradhi ya wenye nafasi, ya watu wa Milimani wenye magari mawili uani na mtumishi jikoni, na kwamba mkaazi wa Rhonda, aishiye katika chumba kimoja cha mabati upande ule wa magharibi ya Nakuru unaopakana na Kaptembwo, anunuaye maji kwa mtungi na kuihofia kodi kila mwisho wa mwezi, hana pa kuutoa unene huo. Dhana hiyo takwimu zimekwisha kuibatilisha. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta kuwa katika kila wanawake 100 wa Kenya, 38 na ushei walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali kwa wanaume walikuwa 17 na ushei. Na uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ukasema kuwa miongoni mwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, waliopita kiasi ni 45 katika 100. Umri uliohesabiwa katika chunguzi hizo si mmoja, kwa hiyo si insafu kuzilinganisha tarakimu zake moja kwa moja. Lakini mwelekeo hauna shaka, na apitaye Rhonda saa za magharibi, wakati karai za mafuta zinapotokota kando ya barabara, na viazi, soseji na mandazi vinapouzwa kwa bei ambayo samaki na matunda hayawezi kushindana nayo, hatahitaji kuongezewa hoja.

Walio wengi kati ya hao hawahitaji kisu. Wanahitaji mlo mwingine, mwendo zaidi na usingizi wa kutosha, na baadhi yao dawa, zikiwemo hizi sindano mpya zinazozungumzwa sana siku hizi. Wapo, hata hivyo, wachache ambao unene wao umekwisha kuwa maradhi kamili, umezaa kisukari, shinikizo la damu na kukatika kwa pumzi usingizini, na ambao kila njia nyingine imewashinda. Na kwa hao upasuaji wa kupunguza uzito ni tiba ya haki, si urembo. Kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 1991, na kufuatwa karibu kote duniani, kilikuwa kilo 40 kwa kila mita mraba ya urefu wa mtu, au 35 ikiwa ana maradhi yaliyoandamana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vikashusha kiwango hicho hadi 35, na hadi 30 kwa mwenye kisukari na maradhi ya jamii hiyo. Kwa mwanamke wa kimo cha mita 1.60, tofauti baina ya 40 na 35 ni tofauti baina ya kilo 102 na kilo 90. Na wenye kilo 90 katika mitaa yetu si haba.

Njia kuu za upasuaji huo ni mbili. Katika ya kwanza, mpasuaji hukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula, akabakiza mfuko mwembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, akakiunganisha na utumbo wa chini ili chakula kipite njia ya mkato. Zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na mgonjwa aghalabu hurudi kwake baada ya siku chache. Humu nchini hufanywa zaidi Nairobi, katika hospitali za kulipia, kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Wako Wakenya wanaoufuata upasuaji huo India na Uturuki, wakarudi na makovu yao pasina hata karatasi moja. Na jirani zetu wa Tanzania, katika Hospitali ya Mloganzila, wameingia katika miaka ya karibuni kwa mlango mwingine, wa puto linaloingizwa tumboni kwa muda bila kukata kitu. Kote huko swali linaloulizwa na mgonjwa, na kujibiwa kwa furaha na mwenye kutangaza huduma, ni moja: nitapungua kilo ngapi? Swali ambalo halitangazwi ni nani atakayejua, miaka 5 baadaye, kwamba mgonjwa huyo yu hai, kwamba kilo zile hazikumrudia, kwamba damu yake haikukauka kwa ukosefu wa madini ya chuma. Juu ya swali hilo la pili ndipo inaposimama hoja yangu yote: upasuaji huu usioandamana na daftari la matokeo, lenye kumfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake, ni nusu ya tiba iliyotozwa bei ya tiba nzima.

Sisemi haya kwa nadharia, kwani historia ya upasuaji wenyewe ni ushahidi. Tangu miaka ya 1950, wapasuaji wa Marekani walikuwa wakiunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, wakaiacha sehemu kubwa ya utumbo bila kazi, na wagonjwa wakakonda ajabu, na kila mwenye kutazama mizani akasifu. Ikapita miaka ndipo yakadhihiri yaliyofichika: maini yaliyoharibika, mawe ya figo, mifupa iliyolainika, vifo. Operesheni ile ikaachwa, lakini baada ya kufanyiwa watu kwa maelfu. Profesa Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, yeye na mwenzake Ito waliotangaza mwaka 1967 ile njia ya mkato ambayo ndiyo asili ya operesheni ya leo, alilielewa somo hilo kuliko wengi, na mwaka 1986 akaanzisha rejista ya kwanza ya upasuaji wa namna hii, ili wapasuaji wa miji mbalimbali waandike wagonjwa wao mahali pamoja na wajifunze pamoja. Mtu aliyevumbua operesheni akatumia sehemu ya pili ya umri wake kuuliza kama uvumbuzi wake unadhuru: huyu kwangu ni mfano bora zaidi kuliko mwenye kuhesabu operesheni alizozifanya.

Waliolifikisha jambo hili mbali zaidi ni Waswidi. Rejista yao ilianza mwaka 2007, na kwa kuwa kila mkaazi wa nchi ile ana namba moja ya utambulisho tangu kuzaliwa hadi kufa, na kwa kuwa hospitali zake takriban zote zilikubali kuandika, leo karibu kila operesheni ya unene iliyofanywa Uswidi imo ndani yake, na yaweza kuunganishwa na madaftari ya dawa, ya kulazwa na ya vifo. Faida yake ilionekana katika jambo ambalo kwa mtu wa nje ni dogo mno. Operesheni ya njia ya mkato huacha nyufa katika utando unaoushikilia utumbo, na wapasuaji walikuwa wamegawanyika: wako waliozishona nyufa hizo, na wako walioona kuwa kuzishona ni kupoteza wakati na kujitafutia shida nyingine. Kila upande ulikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na jawabu. Waswidi wakaitumia rejista yao kama uwanja wa jaribio: wagonjwa 2,507 katika vituo 12, waliofanyiwa upasuaji kati ya mwaka 2010 na 2011, wakagawanywa kwa kura, nusu wakashonwa na nusu wasishonwe. Baada ya miaka 3, waliolazimika kupasuliwa tena kwa sababu ya utumbo kuziba walikuwa 10.2 katika 100 kwa wasioshonwa, na 5.5 kwa walioshonwa; lakini pia, na hapa ndipo utu uzima wa rejista unapoonekana, madhara makubwa ya siku 30 za mwanzo yalikuwa mengi zaidi kwa walioshonwa, 4.3 dhidi ya 2.8, kwa sababu mshono wenyewe wakati mwingine uliukunja utumbo. Rejista haikumpa yeyote ushindi mtupu. Iliwapa wote kipimo cha kuamulia.

Jimbo la Michigan, huko Marekani, linatufaa kwa njia nyingine, kwani halina namba ya utambulisho ya Kiswidi wala hospitali za dola, bali lina mashirika yenye kushindana. Mwaka 2006 hospitali za jimbo hilo zilianza, kwa fedha za kampuni kubwa ya bima ya afya, kukusanya matokeo ya upasuaji wa unene katika hifadhidata moja na kukutana mara kadhaa kwa mwaka kuyajadili. Ilikuwapo kawaida wakati huo ya kuwawekea wagonjwa walio katika hatari kichujio ndani ya mshipa mkuu wa damu kabla ya upasuaji, ili damu ikiganda miguuni isipande mapafuni na kuua. Jambo lenye mantiki, lenye gharama, na lililotetewa na mabingwa. Hifadhidata ilipoulizwa ikajibu kwamba wenye vichujio hawakuokoka zaidi ya wasio navyo, na kwamba baadhi yao waliangamia kwa vichujio hivyo hivyo. Matokeo hayo yakachapishwa mwaka 2010, na matumizi ya vichujio jimboni humo yakaporomoka. Miaka 3 baadaye wakathubutu zaidi: wapasuaji 20 wakakubali kila mmoja kutoa filamu ya operesheni yake, ikatazamwa na wenzao wasiojua ni ya nani, na kupewa alama. Robo ya waliopata alama za chini, wagonjwa wao walipatwa na madhara kwa kiwango cha 14.5 katika 100. Robo ya waliopata alama za juu, 5.2. Sijui kama sisi, katika taaluma hii yetu ambapo mkubwa hakosolewi mbele ya watu, tungekubali kutoa filamu hizo. Lakini nina hakika kwamba mgonjwa angependa tuzitoe.

Yuko atakayesema kwamba haya ni ya mataifa yenye operesheni makumi ya maelfu, na kwamba sisi wenye chache hatuna haja nayo. Mambo ni kinyume. Chukua hospitali inayotangaza, kwa haki na bila kusema uongo, kwamba imewapasua watu 30 na hakuna aliyefariki. Kanuni ya kawaida ya takwimu inasema kwamba jambo lililofanywa mara 30 bila msiba huenda bado likawa na msiba 1 katika kila 10, na bahati tu ndiyo iliyouficha. Kumbe vifo vya upasuaji huu katika vituo vizuri vya dunia havizidi 1 au 2 katika kila 1,000. Baina ya 1 katika 10 na 1 katika 1,000 pana bonde pana kuliko hili letu la Ufa, na hospitali yenye wagonjwa 30 haiwezi kujua imesimama ukingo upi. Wala upande wa pili hauna insafu zaidi: akifa mmoja kati ya 20, magazeti yataandika kuwa hospitali ile inaua watu 5 katika 100, na huenda mpasuaji wake ni hodari kuliko wote. Uchache ndio unaotulazimisha kuchanganya hesabu zetu, Nairobi na Eldoret na Mombasa, na ikiwezekana Kampala na Dar es Salaam, ili idadi ifikie mahali pa kusema kitu.

Sasa natutazame kilichopo. Katika hospitali nyingi za Kenya kumbukumbu ya upasuaji ni daftari kubwa lenye jalada gumu, lililowekwa juu ya meza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, likiwa limepigwa mistari kwa rula na muuguzi wa zamu: tarehe, jina, umri, namba ya kulazwa, aina ya operesheni, jina la mpasuaji, jina la mtoa nusukaputi, na mwisho kabisa, ukingoni mwa ukurasa wa kulia, safu nyembamba ya maoni. Safu sita au saba za mwanzo hujazwa kwa uaminifu wa kusifika, usiku na mchana, kwa kalamu zilizobadilika wino. Ile ya mwisho aghalabu ni nyeupe kutoka juu hadi chini, na ikiandikwa kitu huandikwa kwamba mgonjwa ametoka chumbani akiwa salama. Daftari hilo, kwa hiyo, linajua kila kitu mpaka mlango unapofunguliwa machela ipite. Na ule utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliozikusanya hospitali 247 za nchi 25 mwaka 2016 na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliokufa baada ya upasuaji katika bara hili walikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache zaidi, na kwamba zaidi ya 9 katika kila 10 ya waliokufa hawakufa siku ya operesheni bali siku zilizofuata: yaani walikufa ndani ya ile safu nyeupe.

Kwa upasuaji wa unene safu hiyo ni ndefu kuliko kwa upasuaji wowote, kwani mgonjwa habadilishwi kwa siku 30 bali kwa umri wake wote. Hospitali iliyo makini itampa miadi ya miezi 3, ya 6, ya mwaka, kisha kila mwaka. Naye atakuja ya kwanza kwa hamu, ya pili kwa shauku ya kuonyesha nguo mpya, na baada ya hapo ataanza kuadimika. Hata Ulaya, ambako nauli si tatizo, wanaorudi hupungua kila mwaka unapopita, nasi hatutarajii kuwashinda. Hapo ndipo hesabu inapoanza kudanganya. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika wagonjwa 100 waliopasuliwa, 40 wamerudi baada ya miaka 5, nao wamepungua kwa wastani asilimia 28 ya uzito waliokuwa nao. Hospitali itaandika asilimia 28 katika kijitabu chake, na haitakuwa imesema uongo wowote. Lakini wale 60 hawakukosa kuja kwa bahati; wengi wao uzito umewarudia na wanaona haya, au wanaumwa, au wamechoshwa na gharama; na ikiwa wastani wao ni asilimia 12 tu, basi wastani wa kweli wa wote 100 ni 18.4. Ni mithili ya mwenye duka anayeandika mauzo ya taslimu na kuacha kuandika madeni, kisha akashangaa mbona kitabu kina faida na rafu hazina bidhaa.

Kwa nini asirudi yule wa Rhonda? Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, kilomita 160 kila upande, na siku nzima ya kazi iliyopotea, ni sababu ya wazi na kila mtu huitaja. Iko nyingine isiyotajwa. Katika familia zetu nyingi mwili mnene ulikuwa, na bado ni, ushahidi kwamba nyumba ina chakula na mume ana riziki. Na miaka ile ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukizoa vijana wa miji hii, kukonda kwa ghafula kulikuwa ni hukumu iliyotolewa na majirani kabla ya daktari. Mwanamke aliyepungua kilo 30 kwa mwaka mmoja, katika ploti yenye vyumba kumi na bomba moja, huangaliwa; na kwa kuwa hataki kueleza kwamba alichanga na kukopa kwenda kukatwa tumbo, husema ni mazoezi, au kufunga na kuomba. Akishasema hivyo kwa majirani, ni vigumu kumwambia kinyume muuguzi wa zahanati anayesali naye kanisa moja. Siri aliyoiweka ili kujisitiri na watu inamficha pia mbele ya tabibu.

Na siri hiyo ina hatari ya mwili, si ya heshima tu. Tumbo lililopunguzwa na utumbo uliorukwa havinyonyi madini na vitamini kama zamani: chuma hupungua, vitamini B12 hupungua, kalsiamu hupungua, na mwenye kutapika mfululizo katika miezi ya mwanzo aweza kuishiwa vitamini B1 hadi akayumba akitembea na kuchanganyikiwa, na kucheleweshwa kwa sindano ya vitamini hiyo ni kumwachia ulemavu. Wengi wa wanaopasuliwa ni wanawake wa umri wa kuzaa, ambao huambiwa wasubiri mwaka au mwaka na nusu kabla ya kushika mimba, na ambao uzazi wao, kwa kupungua kwa uzito, huenda ukawa umefunguka kuliko ulivyokuwa; mjamzito mwenye upungufu wa damu ambaye kliniki ya wajawazito haijui kwamba tumbo lake lilikatwa hupewa vidonge vilevile vya chuma wanavyopewa wote, na mwili wake hauvinyonyi ipasavyo. Kisha kuna ile ajali ya nyufa waliyoichunguza Waswidi. Utumbo huweza kupenya ufa na kujinyonga miaka 2, au 5, baada ya operesheni, usiku wa manane, kwa maumivu yasiyolingana na tumbo linalopapaswa, ambalo mara nyingi huwa laini. Mgonjwa hatapelekwa Nairobi usiku huo. Atapelekwa kwa bodaboda au kwa teksi hadi hospitali kuu ya Nakuru, ambayo wengi bado tunaiita PGH, na atakutana na daktari kijana wa zamu aliye na foleni ya majeruhi wa barabara kuu mbele yake. Ikiwa daktari huyo ana mahali pa kuandika namba ya kitambulisho na kuona mstari mmoja tu, kwamba huyu alifanyiwa njia ya mkato mwaka fulani na nyufa zilishonwa au hazikushonwa, ataita mpasuaji alfajiri isijafika. Asipokuwa nao, atampa dawa ya vidonda vya tumbo na kumwambia asubiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoiona hifadhidata kuwa ni chombo cha watafiti na cha kuandikia makala za majarida ya ng'ambo. Rejista isiyoweza kusomwa na daktari wa zamu wa Nakuru haina thamani kwa mwenye kuandikwa ndani yake.

Wala tusijidanganye kuwa ujuzi huo hatuna. Eneo hili la Bonde la Ufa ndilo lililoufundisha ulimwengu sehemu ya kazi hiyo: mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, katika nchi ya Wanandi karibu na Eldoret, walimu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana waliweka mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta katika kituo cha kawaida cha mashambani, ukakua na kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI wa magharibi ya Kenya, na kutokana nao ikazaliwa programu huria ya OpenMRS, inayotumika leo katika nchi nyingi duniani. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2013 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, pamoja na Wizara ya Afya na chama cha madaktari wa watoto, wameziunganisha wodi za watoto za hospitali kadhaa za kaunti katika mtandao mmoja wa taarifa. Siri ya mtandao huo haikuwa mashine. Ilikuwa fomu moja ya kulaza mtoto inayofanana kila mahali, karani mmoja katika kila hospitali anayeingiza yaliyoandikwa, na taarifa inayorudishwa kwa wenye wodi kila baada ya muda, ikiwaonyesha walivyofanya na wenzao walivyofanya. Na kwa mwendo huo mambo ambayo hayakuwa yakiandikwa yakaanza kuandikwa. Karani asiyerudishiwa kitu huchoka, na daktari asiyeonyeshwa matunda ya uandishi wake huacha kuandika. Walioendesha mtandao ule walilijua hilo mapema.

Kilichokuwa kikikosekana ni mkono wa kufika nyumbani, nao umepatikana. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba ya kazi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, na ndani ya mkoba, pamoja na kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, mna mizani. Na taarifa za ziara zao huingizwa kwa simu. Rhonda ina wahamasishaji wake, wanaojua ploti kwa ploti nani amejifungua, nani ameacha dawa za kifua kikuu, nani amehamia Barut. Tafakari basi jinsi jambo lilivyo jepesi: mizani iwekwe juu ya sakafu ya saruji, si juu ya zulia wala mkeka, kwa kuwa kitu laini huipotosha, mama avue viatu na leso ya mabegani, namba isomwe, iandikwe, kisha aulizwe maswali matatu, anatapika, anachoka, anameza vitamini zake. Dakika 5 hazipiti. Uzito wa mwaka wa tano, ambao mataifa yenye fedha huutafuta kwa barua na simu na kuukosa, ungepatikana Rhonda mlangoni.

Lakini ziara hiyo yaweza pia kuivunja ile sitara niliyoitaja, na hapo sina mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imezihesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na hilo ni sawa. Halitoshi, kwa kuwa majirani hawasomi sheria. Mhamasishaji hana haja ya kujua kwamba mwenye nyumba alipasuliwa. Simu yake yaweza kumwagiza tu kupima uzito na kuuliza maswali matatu kwa nyumba kadhaa za ploti, za wenye kisukari na za wenye shinikizo la damu, na hiyo moja ikiwa miongoni mwazo. Jina la operesheni libaki kwa daktari. Na mgonjwa ambaye hataki kabisa kujiwa nyumbani aandikiwe hivyo, na apigiwe simu.

Wapasuaji nao wana hofu yao, na si ya kubezwa. Anayekubali kuwapokea wagonjwa wa kilo 180 wenye moyo mchovu atakuwa na madhara mengi kuliko anayechagua vijana wa kilo 95, na orodha isiyopima uzito wa mzigo kabla ya kuhukumu mbebaji itawafukuza mahodari kutoka kwa wanaowahitaji zaidi. Kwa hiyo umri, uzito wa mwanzo, kisukari, pumzi na sigara sharti viandikwe kabla ya kisu, ili hesabu isawazishwe. Tena miaka ya mwanzo matokeo ya mpasuaji mmoja mmoja yasitangazwe kwa umma. Yasomwe na wenzake katika kikao, kama walivyofanya Michigan. Nasema miaka ya mwanzo, kwani sioni sababu ya siri hiyo kudumu milele kwa watu wanaolipwa na umma.

Yanayopaswa kuandikwa ni machache kuliko wanavyodhani watengenezaji wa fomu. Nimeona fomu za kurasa 11 ambazo hazikujazwa hata moja kikamilifu. Namba ya kitambulisho, aina ya operesheni na tarehe yake, uzito na maradhi ya mwanzo, kilichotokea ndani ya siku 30, uzito na hali ya sukari kila mwaka, operesheni nyingine yoyote, mimba, kifo: kwa hayo rejista inatembea. Kifo ndicho kitakachotutaabisha, kwa sababu aliyeishi Rhonda huzikwa kwao, Kisii au Vihiga au Nyandarua. Bila kuunganisha rejista na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, aliyekufa na aliyehama watakuwa mstari mmoja.

Na fedha? Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, pamoja na kampuni za bima zinazokubali kulipia upasuaji huu, zinayo nguvu ambayo wizara haina: zaweza kushika sehemu ya mwisho ya malipo hadi taarifa ya mwaka wa kwanza iingie, iwe nzuri au mbaya, mradi imeingia. Kwa wale wanaolipa kutoka mfukoni, ambao ndio wengi, gharama ya karani na ya simu za miaka 5 iwekwe ndani ya bei ya operesheni, kama inavyowekwa bei ya uzi na ya nusukaputi. Mbele ya mamia ya maelfu haitaonekana. Idhini ya kupigiwa simu, ya kupimwa na ya kuunganishwa na daftari la vifo itiwe sahihi pamoja na idhini ya upasuaji wenyewe, mgonjwa akiwa bado hajavaa gauni la hospitali na akili yake ikiwa timamu, na namba ya simu ya ndugu mmoja asiyeishi naye ichukuliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa laini za simu hubadilishwa na vyumba vya Rhonda huhamwa.